Jinsi ya kumwandikia mpenzi barua kutoka manowarini, kwa mujibu wa aliyezipokea

Sijawahi kushika zamu hata moja melini. Kazi yangu ilikuwa kupokea. Kwa miaka 11 afisa mmoja wa jeshi la wanamaji aliniandikia barua 213, mwanzo tukiwa wachumba, baadaye tukiwa mke na mume, na zote ninazo kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Siku hizi vijana wa kazini kwake wakipangiwa safari ya kwanza ndefu huja kwangu kwa aibu aibu: "Shemeji, hivi mtu anaandika nini?" Nimechoka kuwajibu mmoja mmoja. Haya ndiyo majibu.

Kwanza uelewe safari ya barua yenyewe. Unaiandika leo. Inakaa kwenye mfuko wa posta mpaka meli itie nanga au ikutane na meli ya ugavi. Hapo inaingia kwenye mlolongo wa ofisi ambazo hakuna mtu mwenye haraka na mapenzi yako. Mimi naisoma wiki tano baadaye. Mafua uliyoyalalamikia yamekwisha. Mkuu wako uliyemkasirikia mmeshacheka naye. Ukiniandikia habari, itanifikia imechacha. Kwa hiyo andika kisichochacha. Ukilishika hili moja, mengine yote humu utayatafuta mwenyewe.

Kuna sanduku la barua ninalolifikiria kila ninapolisema hili. Mwaka 1758 Waingereza waliiteka manowari ya Kifaransa, Galatée, ikitoka Bordeaux kwenda Quebec. Wake, wachumba na wazazi wa mabaharia walikuwa wamewaandikia, na posta ya Ufaransa ikazikimbiza zile barua bandari baada ya bandari, kila mara meli imeshaondoka. Iliposikika kwamba meli imetekwa, zikapelekwa Uingereza, labda wafungwa wazipate. Hawakuzipata. Wakubwa wa jeshi la majini jijini London walifungua mbili, wakaona ni mambo ya nyumbani tu, wakaziweka ghalani. Zilikaa humo zaidi ya miaka 250, mpaka mwanahistoria Renaud Morieux alipoomba kulifungua sanduku na kuzikuta zaidi ya 100, nyingi bado zimefungwa kwa lakiri. Mmojawapo wa waandishi ni Marie Dubosc, mke wa luteni wa kwanza wa meli hiyo, Louis Chambrelain. Anamwambia mumewe kwamba angeweza kukesha akimwandikia, kwamba yeye ni mkewe mwaminifu siku zote, kisha anamuaga kwa sababu ni saa sita ya usiku na inampasa apumzike. Mwaka uliofuata alifariki, mumewe akiwa bado kifungoni. Barua hakuiona kamwe.

Mwangalie Marie alivyofanya. Katika maneno hayo hakuna bei za vitu wala ugomvi wa majirani. Aliandika saa sita ya usiku na usingizi wake mwenyewe. Karne mbili na nusu zimepita na bado ukisoma unamwona akipiga miayo kando ya mshumaa.

Baada ya hapo, namba. Kila barua iwe na namba kubwa kwenye kona ya juu kulia, tarehe chini yake, na saa ukiweza. Namba iandikwe pia nyuma ya bahasha, ili mpokeaji ajue aanze na ipi kabla hajachana kitu. Mume wangu alilidharau hili mwaka wa kwanza. Siku moja nikapokea karatasi nne za kuombwa radhi. Anajuta, ulimi hauna mfupa, alikuwa amechoka, hakulala siku mbili, hata hakustahili kuwa na mtu kama mimi. Nilisoma nikitabasamu, maana sikujua kosa ni lipi. Nikadhani labda mapenzi yamemzidi tu. Siku 19 baadaye ikafika barua ya kosa. Alikuwa amesikia kwamba nimekwenda harusini bila kumwambia, akaandika maneno ambayo sitayarudia hapa. Yaani nilianza kwa kumsamehe, nikamalizia kwa kukasirika, naye wakati huo yuko katikati ya maji, ameshasahau, ananiandikia kuhusu pomboo. Namba zisingezuia barua kupishana, lakini ningejua kwamba ya 17 haijafika, na ningeiacha ya 18 isubiri.

Tangu siku hiyo tulikubaliana: barua ya hasira iandikwe, ila isitumwe mpaka ilale usiku tatu chini ya mto. Aliandika kadhaa za namna hiyo. Najua kwa sababu siku moja nilizikuta kwenye begi lake, zimefungwa na uzi, na sikuzisoma. (Nilisoma moja. Ilikuwa na haki.)

Sasa salamu. Wengi mlifundishwa shuleni kwamba barua huanza na salamu nyingi kama mchanga wa pwani, ikafuata hali yangu mimi ni njema wasiwasi ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu, ikafuata ama baada ya salamu, lengo na madhumuni ya waraka huu. Ukifika kwenye madhumuni karatasi imeisha na meli inalala upande. Barua zangu za kwanza 10 zote zina huo mwanzo, neno kwa neno, ungedhani kuna mtu anazipiga muhuri. Ya 11 ilianza hivi: "Hujambo. Kuna kikombe." Ninaonyesha kipande chake, kwa ruhusa yake:

"Hujambo. Kuna kikombe. Nimetoka zamu ya saa sita usiku mpaka saa kumi, mimi na mwenzangu tumekaa mezani, chai imemiminwa moja kwa sababu vikombe vingine vimevunjika. Meli ikilalia kulia kikombe kinateleza kinakuja kwangu. Ikilalia kushoto kinakwenda kwake. Hatukishiki. Kikija unakunywa funda moja unakiacha kiende. Tumemaliza chai yote hivyo, bila kusema neno. Nikafikiri, nikifika nyumbani nitakunywa chai kutoka kwenye kikombe kilichotulia, na nitakuwa nakisubiri kije."

Hakuna neno "nakupenda" humo. Hakuna "nyota ya maisha yangu" wala "tabibu wa moyo". Lakini kwa wiki nzima nilikuwa nikiweka kikombe mezani nakitazama kama mwendawazimu. Kwa hiyo ushauri ni huu: tafuta kitu kimoja tu cha siku hiyo, kidogo, kinachoshikika, kikae mkononi mwako wakati unaandika ikiwezekana, ukielezee mpaka nami nikishike. Kifungo cha sare kilichokatika na ulivyokishona kwa uzi wa rangi nyingine. Harufu ya rangi mpya sitahani. Mlio wa king'ora cha mazoezi uliokukuta una povu la sabuni kichwani. Kitu cha namna hiyo hakichachi hata kikichelewa mwaka.

Mapenzi ya moja kwa moja yaandike pia, usinielewe vibaya. Ila mstari mmoja, mwishoni, kwa maneno yako ya siku zote. Kama nyumbani huniiti laazizi, usianze kuniita laazizi ukiwa kilomita 4,000, nitadhani umenikosea.

Jibu maswali. Hapa wanaume wa baharini mnaudhi kuliko mahali pengine popote. Nimeuliza kama tumtoe mtoto shule ile, nimeuliza mkataba wa nyumba uko wapi, nimeuliza kama bado kifua kinabana. Narudishiwa machweo ya jua. Machweo mazuri, lakini mkataba uko wapi? Dawa yake ni rahisi: unapoandika, barua yangu iwe wazi mbele yako, na kila swali ulilolijibu ulikate kwa kalamu. Ukiona kuna swali halina mkato, hujamaliza. Nawe ukiwa ndiye uliyeko nyumbani, maswali yaandike kwa mstari wake mwenyewe, usiyafiche katikati ya habari za shangazi.

Kuhusu kalamu: penseli au kalamu ya kawaida ya biki. Wino wa kalamu ya kuchovya na ule wa kalamu ya ncha laini mara nyingi huchujuka ukiguswa na maji, na kwenye meli kila kitu huguswa na maji. Ninayo barua ambayo nusu yake ni wingu la bluu, na mpaka leo mume wangu anashikilia kwamba ile nusu ndiyo iliyokuwa nzuri.

Siri. Wewe ni afisa, umefundishwa, sitakufundisha. Nitakuambia tu mimi mpokeaji nisichohitaji kukijua: mlipo, mnapokwenda, lini mnarudi, nini kimeharibika, mko wangapi. Katika Vita Kuu ya Pili maafisa wa manowari za Uingereza na Marekani walikuwa wakikaa na rundo la barua za mabaharia wao, wakizisoma moja moja na kukata kwa wembe au kufuta kwa wino palipotaja mahali. Hebu fikiria kijana wa miaka 22 kusoma mapenzi ya watu 50 kila wiki kisha kesho yake kuwapa amri. Siku hizi wembe umekuwa simu. Picha uliyopiga sitahani inaweza kubeba ndani yake alama ya mahali na saa, hata kama umeandika chini yake "mahali fulani". Zima hiyo alama kabla hujapanda meli, na usinitumie picha yenye kitu cha nyuma ambacho mtu wa tatu angefurahi kukiona. Juu ya barua andika "Baharini". Inatosha. Mimi sikupendi kwa latitudo.

Tukiwa hapo hapo, fikiria mtu wa tatu kwa upande mwingine pia. Admirali Horatio Nelson wa Uingereza alimwandikia Emma Hamilton kwa miaka, wote wawili wakiwa na ndoa nyingine. Wakati Emma ana mimba, walitunga baharia wa uongo aitwaye Thompson, eti yuko kwenye meli ya Nelson, na mkewe mjamzito yuko chini ya uangalizi wa Emma. Kwa hiyo Nelson aliweza kuandika kwamba Thompson ana wasiwasi sana na anasali mtoto azaliwe salama. Mtoto, Horatia, alizaliwa Januari 1801. Nelson alimsihi Emma azichome barua zake, na yeye alizichoma za Emma. Emma hakuchoma. Mwaka 1814, Nelson akiwa ameshakufa, barua zikachapishwa, dunia nzima ikasoma, na Emma ndiye aliyeaibika. Basi msikubaliane kwa mate. Mkae kabla ya safari mseme wazi: tunahifadhi au tunachoma? Na kama mmoja atatangulia, nani anapewa sanduku? Sisi tulikubali kuhifadhi, ila kuna ukurasa mmoja wa barua ya 96 ambao niliuchoma jikoni siku hiyo hiyo, na hata watoto wangu wakisoma haya wasiniulize.

Barua ya mwisho ya Nelson ilikutwa mezani kwake ikiwa bado iko wazi. Aliianza tarehe 19 Oktoba 1805, akaongeza kidogo kesho yake, na tarehe 21 akauawa katika vita vya Trafalgar. Ndiyo maana nasisitiza tarehe na saa. Si kwa ajili ya ofisi. Agosti 2000 nyambizi ya Kirusi Kursk ilipozama na watu 118, afisa mmoja, Dmitri Kolesnikov, aliandika karatasi akiwa gizani katika chumba cha tisa. Aliweka saa, akaandika kwamba wako 23, akamwandikia na mkewe. Mimi wakati huo nilikuwa na mtu majini. Nilipoisoma habari hiyo nilikwenda kwenye sanduku nikatafuta barua ya karibuni kabisa, nikaangalia kona ya juu. Haikuwa na saa. Tuligombana kwa ajili hiyo, kwa barua mbili nzima.

Usimsahau mama yako. Nasema hivi kwa faida yangu mwenyewe. Ukimwandikia mchumba barua nne na mama moja, mama atajua, maana mimi na yeye tunahesabu. Katika lile sanduku la Galatée kuna baharia kijana, Nicolas Quesnel. Mama yake, mwenye miaka 61, alimwandikisha mtu barua ya kulalamika kwamba mwanawe anamwandikia mchumba wake tu, na kwamba yeye mama anamfikiria mwana kuliko mwana anavyomfikiria mama. Mchumba naye ikabidi amwandikie kijana amtulize mama mkwe, na barua ya kijana ilipomfikia mama, mchumba akaandika kwamba wingu jeusi limeondoka. Mwaka 1758 huo! Nilipolisoma hilo nilimpigia mama mkwe wangu simu tukacheka mpaka tukalia, kwa sababu yeye na mimi tulikuwa na wingu letu, kuanzia barua ya 20 hadi ya 26 hivi. Bahasha mbili, siku moja, mfuko mmoja wa posta. Ndivyo utakavyonisaidia.

Na kama unakwenda kwenye nyambizi, mambo mengi niliyosema yanageuka. Nyambizi iliyo doria haitumi kitu, kwa sababu ukitoa sauti umejionyesha. Katika nyambizi za Uingereza zinazobeba makombora, familia huruhusiwa kumtumia mtu wao ujumbe mfupi kila wiki. Kwa miaka mingi ulikuwa maneno 40, baadaye ukaongezwa hadi 120. Hawezi kujibu. Ujumbe husomwa na watu wengine kabla haujatumwa, na habari mbaya kwa kawaida hazipelekwi mpaka arudi. Mume wangu alifanya kazi juu ya maji, namshukuru Mungu, lakini rafiki yangu mmoja aliyeolewa na mtu wa nyambizi alinifundisha kuandika kwa maneno 40, nami nakushauri ujipime, hata kama huna haja. Huu wangu niliuandika kwa mazoezi tu:

"Mume wangu. Tu wazima wote. Mtoto kaota jino la pili, kaning'ata kidole nikapiga kelele sana, naye akacheka. Paa halivuji tena. Mama yako kaja Jumapili, kalala siku mbili. Upande wako wa kitanda nimeweka nguo za kupiga pasi, usikasirike. Nakungoja. Wako daima."

Hesabu, ni 40 kamili. Niliyoyakata ndiyo yaliyokuwa mengi: nilikuwa na sentensi nzima kuhusu upweke, ikatoka yote, zikabaki nguo za kupiga pasi. Nadhani ilikuwa biashara nzuri.

Utaniuliza, barua pepe je? Zipo, na simu za setilaiti zipo, na watu wanaonana kwenye skrini. Zitumie kwa yale yanayochacha: mkataba, homa, ada. Lakini mfahamishe mtu wako mapema kwamba mtandao wa meli hukatwa. Hukatwa kabla ya operesheni, na hukatwa kukitokea ajali, ili familia ipate habari kwa njia ya heshima badala ya kuisikia mtaani. Wamarekani hali hiyo wanaiita River City. Kwa hiyo ukimya wa siku sita hausemi kitu, hausemi heri wala shari. Hili mlisemee nyumbani kabla hujang'oa nanga, mkiwa mmekaa, maana mwenzako atakayekaa na simu kifuani usiku wa nne hatalikumbuka kama ulilitupia mlangoni ukiwa na begi begani. Sisi tulikuwa na mpango: nikifika siku ya 10 bila neno, nafungua bahasha aliyoniachia kabati la juu. Niliifungua mara mbili katika miaka yote. Ndani ya ya kwanza mlikuwa na namba za watu wa kuwapigia na mstari mmoja wa utani ambao ulinifanya nimtukane kwa sauti nikiwa peke yangu jikoni, na nikapata usingizi.

Busu la rangi ya mdomo kwenye karatasi? Wakati wa Vita Kuu ya Pili Wamarekani walikuwa wakipiga picha barua, wanasafirisha filamu, kisha wanazichapa ng'ambo, na magunia 37 ya barua yakawa gunia moja. Rangi ya mdomo ilikuwa ikikwama kwenye mashine na kuchafua barua za watu wengine. Leo hakuna mashine. Weka.

Barua ya mwisho kabla ya kurudi watu wengi hawaiandiki, wanasema nitafika kabla yake. Iandike hivyo hivyo. Ya 213 ilifika siku nne baada ya mwenyewe kufika. Alikuwa amekaa kwenye kiti, miguu juu, ndevu za miezi saba bado hajanyoa. Alipoona bahasha mkononi mwangu akaruka kuninyang'anya, nikamkimbia nikaisomea chooni, mlango nimefunga kwa ndani. Alikuwa ameuliza maswali matatu. Kama nitamtambua na ndevu. Kama kikombe chake bado kipo. Kama atakuta bado nina hasira na ile barua ya 17. Akawa anagonga mlango, anataka kujua nimefika wapi. Nikamwambia avute subira, majibu yatakuja kwa posta.